Honi Mbili na Kifungu cha 129

Jumamosi niliwafungia vyombo Waislamu, Jumapili jioni nikawafungia Walokole. Honi zilezile mbili, ampulifaya ileile, betri ya gari ileile iliyokesha ikichajiwa chini ya kitanda changu. Mimi ni fundi redio, nimezeekea Morogoro, na tangu miaka ya 1980 mwishoni hadi 2000 na kitu, nusu ya riziki yangu ilitoka midomoni mwa wahubiri.

Mteja nilimuuliza mambo matatu: uwanja gani, saa ngapi, na kibali cha polisi kiko wapi. Dini sikuuliza. Na usidhani Biblia kwapani ilikuwa ishara. Wahadhiri wa Kiislamu walikuwa na Biblia zilizochakaa kuliko za wachungaji wengi, kurasa zimepigwa mistari kwa kalamu nyekundu. Upande wa pili, vijana wa Injili walishika Qurani ya Kiswahili, ile tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy iliyotoka 1969, nao wameikunja pembe za kurasa.

Tuliiita mihadhara ya mlinganisho wa dini. Mfano mkubwa alikuwa mhadhiri wa Kiislamu Ahmed Deedat wa Afrika Kusini; kanda za video za mdahalo wake na mhubiri wa Kikristo Jimmy Swaggart, waliobishana Marekani mwaka 1986, zilizunguka Afrika Mashariki mpaka picha zikaanza kupiga chenga. Huku kwetu wahadhiri walikuwa wawili wawili. Mmoja anazungumza, mwenzake ameshika kitabu. Mzungumzaji akisema "Soma!", msomaji anasoma aya, mzungumzaji anaifasiri, kisha anamwita Mkristo yeyote aje mbele aulize. Mkristo akija anapewa maiki. Hilo ndilo lililojaza uwanja. Watu walikuja kama wanaokwenda mpirani, na wauza karanga walijua ratiba kuliko mimi.

Aliyekaa nyuma ya ampulifaya husikia tofauti ambayo sheria hupata tabu kuiandika. Mhadhiri akisema "Yesu si Mwana wa Mungu", Wakristo waliguna, wengine wakacheka, mmoja akanyoosha mkono aulize. Mlokole akisema hakuna wokovu ila kwa Yesu, Waislamu nao waliguna vilevile. Kila mmoja alijua kuwa mwenzake anasema imani yake. Angesema nini kingine? Lakini mzungumzaji akiacha aya na kuanza kejeli, akamtania nabii au mama wa nabii, uwanja ulinyamaza. Ukimya ule niliuogopa kuliko kelele. Mara moja nilipunguza sauti mpaka msemaji akadhani betri imekufa. Nilinyimwa ujira wa siku ile, na mpaka leo sijui kama nilifanya vyema. Hakuna aliyenipa kibali cha kuamua watu wasikie nini.

Serikali ilikuwa nacho kibali cha namna hiyo, tena cha zamani. Chimbuko lake ni India. Kanuni ya adhabu ya huko, iliyoandaliwa na Thomas Macaulay na kupitishwa 1860, ilimwadhibu anayetamka neno kwa kukusudia kuumiza hisia za kidini za mwingine. Mwingereza alitawala watu wa dini nyingi, akaogopa neno moja la sokoni lisije likamwagisha damu. Imani ipi ni ya kweli, hilo halikumshughulisha. Sheria za India zilitumika Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza; mwaka 1930 tulipopata Kanuni ya Adhabu yetu, wazo lile liliingia humo na kukaa kwenye kifungu cha 129. Kenya na Uganda nazo zina ndugu zake. Uhuru ulikuja, Katiba ikaja kutamka kwamba Jamhuri ya Muungano ni nchi isiyokuwa na dini, ibara ya 19 ikampa kila mtu uhuru wa kuabudu na kutangaza dini. Kifungu kikabaki palepale.

Halafu miaka ikawa mibaya. Aprili 1993 mabucha ya nguruwe yalivunjwa Dar es Salaam. Februari 1998 watu waliuawa kwa risasi za polisi Mwembechai, jijini humohumo. Kila baada ya tukio, vibali vilikuwa vigumu zaidi na honi zangu zilikaa stoo kwa miezi.

Kesi iliyonigusa ilitoka mkoani kwangu. Hamisi Rajabu Dibagula alihubiri kwenye mkutano wa Waislamu mwaka 2000, akasema Yesu si Mwana wa Mungu. Honi hazikuwa zangu, nasema mapema. Alishtakiwa kwa kifungu cha 129, na mahakama ya wilaya ya Morogoro ikamhukumu miezi 18, ilhali adhabu ya kifungu chenyewe haizidi mwaka 1. Agosti 2001 Waislamu wa Dar es Salaam walikuwa barabarani kupinga hukumu hiyo, polisi wanapiga mabomu ya machozi. Mahakama Kuu ilimwachia atoke gerezani, ila kosa ikaliacha juu ya kichwa chake.

Mwaka 2003 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Barnabas Samatta, ilifuta hata kosa. Mantiki yake ningeweza kuitoa mimi nikiwa nyuma ya ampulifaya, ingawa si kwa Kiingereza kile: Dibagula alitamka imani ya Uislamu, na kutamka imani yako si sawa na kukusudia kumuumiza mwenzako. Makusudi lazima yathibitishwe. Kuumia kwa msikilizaji peke yake hakutoshi.

Nimesikia watu wakisema nchi isiyo na dini maana yake kila mtu anyamaze kuhusu dini ya mwenziwe. Siafiki. Mkristo aliyepewa maiki na Waislamu na kurudi nyumbani mzima aliheshimiwa kuliko yule aliyelindwa na askari asisikie kitu.

Kifungu cha 129 bado kimo katika Kanuni ya Adhabu. Askari au hakimu atakayekishika kesho, namwomba aanze kwa kusoma hukumu ya Dibagula, yote, kabla ya kumkamata mtu aliyesema anachokiamini.