Nyaya za magari: Jinsi ya kukadiria umeme unaoruka kutoka waya mmoja hadi mwingine

MATATU inapoongezewa nyaya za muziki, taa za urembo na kidhibiti mwendo, fundi kwa kawaida huzifunga pamoja na fungu la nyaya lililotoka kiwandani. Ndivyo ifanyikavyo katika karakana nyingi za jua kali, zikiwemo za Kibuye na Kondele mjini Kisumu. Hatari ni kwamba waya mmoja unaweza kuvuruga ishara ya mwenzake bila kugusana nao.

Si jambo dogo. Kanuni za aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, ziliagiza magari ya abiria yasizidi kilomita 80 kwa saa. Kidhibiti kinachopokea ishara iliyochafuka hakiwezi kuujua mwendo halisi wa gari.

Njia mbili

Umeme huruka kwa njia mbili. Mkondo unapobadilika ghafla katika waya, uga wake wa sumaku huzalisha volti katika waya jirani. Aidha, volti inapobadilika, umeme hupenya nafasi iliyo baina ya nyaya hizo kama upitavyo katika kapasita. Mkondo usiobadilika hauleti usumbufu huu.

Kiasi chake hukadiriwa kwa kuzingatia mambo manne: urefu ambao nyaya zimeandamana, umbali baina yao, kimo chao juu ya bodi la gari, na kasi ya badiliko.

Tuseme waya wa honi wenye mkondo wa ampea 5 umeandamana na waya wa kihisi kwa mita 2. Nyaya ziko milimita 2 kutoka kati hadi kati, na milimita 20 juu ya bodi ambalo ndilo njia ya kurudishia umeme. Mkondo ukikatika kwa sekunde moja ya milioni, waya wa kihisi utapata takriban volti 6. Kihisi cha oksijeni katika bomba la moshi kwa kawaida hutoa chini ya volti 1.

Nyaya zikishushwa hadi milimita 5 juu ya bodi, usumbufu hupungua hadi volti 3 hivi. Zikitenganishwa kwa sentimita 20 katika kimo kile cha kwanza, hubaki chini ya volti 0.05.

Ugumu wa fungu

Ugumu ni kwamba waya ulio pembeni mwa fungu hapa huwa katikati hatua chache mbele. Kwa hivyo wahandisi hukokotoa kwa kompyuta mara nyingi, kila mara wakibadilisha mpangilio wa nyaya, kisha hutazama kiwango cha juu kinachoweza kutokea.

Kinga

Kusokota waya wa kwenda na wa kurudi ni kinga ya kale: Alexander Graham Bell aliipatia hataza mwaka wa 1881 kwa ajili ya simu. Mtandao wa CAN, uliozinduliwa na kampuni ya Bosch mwaka wa 1986 na unaounganisha kompyuta za magari, kwa kawaida hutumia jozi ya nyaya zilizosokotwa.

Fundi asiye na kompyuta aanze kwa kuutenga waya unaoshukiwa. Hitilafu isipobadilika, akague bolti ya ardhi: kutu nayo huleta dalili zinazofanana na hizi, na hiyo haiponi kwa kutenganisha nyaya.