Mtambo wa Kukenekea na Hukumu Zake

Sanaa ya kukeneka ilitangulia zamani mno kabla ya sheria za kuikataza. Al-Kindi, mwanafalsafa wa Baghdad wa karne ya 9, aliitungia kitabu kwa ajili ya manukato; wenyeji wa Jabal Akhdar, Oman, wangali wakipata marashi ya mawaridi kwa moto, chombo na mvuke uliopozwa; na huko Wawi, Pemba, kiwanda cha makonyo hutoa mafuta ya karafuu kwa kanuni ile ile ya kazi, wala hapana hakimu anayewahukumu. Nizaa ilizuka pale kilichodondoka kutoka mrijani kilipokuwa kileo.

Mwaka 1890, dola zilizokutana Brussels zilichora ukanda mpana wa Afrika, toka latitudo 20 kaskazini hata 22 kusini, zikaagiza biashara ya vileo vikali idhibitiwe humo. Tarehe 10 Septemba 1919, katika mji wa Saint-Germain-en-Laye karibu na Paris, mkataba mwingine ulizidi ukali: ulikataza katika sehemu kubwa ya bara si kutengeneza kileo cha kukeneka tu, bali hata kuingiza, kuuza na kumiliki mtambo wenyewe. Lakini waandishi wake waliacha milango michache, mmojawapo ukiwa wa vyombo vinavyohitajiwa kwa majaribio katika taasisi za sayansi, na nakihesabu kifungu hicho kuwa chenye hekima kuliko vyote, kwa kuwa kilitambua kuwa kijana asiyepata kuona mvuke ukigeuka maji hawezi kuielewa kemia. Hata hivyo, ruhusa hiyo ilikuwa ya jaribio, si ya kinywaji.

Amri za Ulaya hazikuzima moto wa jikoni. Wanawake wa Kinubi wa Kibera, wake na binti za askari waliotoka Sudan, walijulikana Nairobi nzima kwa jini yao, na kwa mapato yake walilisha watoto. Uganda ndizi ziligeuzwa enguli, na Tanganyika gongo ikapata jina la pili la moshi.

Serikali huru zilirithi katazo pamoja na hamu ya ushuru. Uganda, kwa sheria ya 1965, ilimtaka mkenekaji awe na leseni, na enguli yake ikakusanywa kwenda kiwandani kukenekwa upya na kuuzwa kwa jina la Uganda Waragi. Tanzania ilifuata mwaka 1966 kwa sheria ya Moshi, na Kenya ikapiga marufuku chang'aa, pombe yake ya kukeneka, mwaka 1980.

Sheria hizo zilimwangalia mno mwenye mtambo, zikaangalia kidogo kilichomo kikombeni, na hapo ndipo ninapozilaumu kwa uchungu. Methanoli huchemka kwa nyuzi 65, kileo kinywewacho kwa nyuzi 78, na vyote viwili havina rangi; mnywaji hana jicho la kuvitenga, na ile ya kwanza hupofusha kabla ya kuua. Novemba 2000, watu zaidi ya 100 walikufa Nairobi kwa pombe iliyotiwa methanoli, na wengine wakatoka hospitali bila nuru ya macho, katika nchi ambayo katazo lilikuwa limedumu miaka 20. Muuzaji aliyekwisha kuwa mhalifu kwa kuuza tu hakuwa na mkaguzi wa kumwogopa zaidi ya askari, na askari hapimi sumu.

Kenya iliifuta marufuku hiyo mwaka 2010: chang'aa ikahalalishwa kwa sharti la leseni, la chupa ya kioo iliyofungwa, na la lebo yenye onyo na kiasi cha kileo. Masharti hayo yanamfaa mnywaji, nami nayaunga mkono. Ila mama mwenye pipa moja na mrija wa shaba hakuwa na mtaji wa chupa wala wa maabara, akabaki kukeneka usiku kando ya mto kama alivyokeneka chini ya katazo.