Kamera ni yako, ufunguo ni wa nani?

Mji wa Kale mlango wa nakshi ukishalipiwa, fundi harudi usiku kung'oa komeo. Kamera za intaneti ni kinyume.

Mwaka 2009 nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa, tukaachana na setelaiti. Lakini waya uletao picha huleta pia amri za mtengenezaji.

Aprili 2010 sasisho la Sony liliondoa Linux kwenye PS3. Aliyelikataa hakuweza tena kucheza mtandaoni. Tarehe 8 Aprili 2024 Google ilisitisha huduma za kamera za Dropcam. Hata zilizokuwa nzima zikageuka mapambo.

Basi kabla ya kununua, uliza: seva yao ikizimwa, kamera itarekodi kwenye kadi yake?