Uzoefu wa Kazi kama Mlango na kama Maarifa: Utambuzi wa Uzoefu katika Elimu ya Juu Nchini Tanzania Tangu Azimio la Musoma, 1974

1.0 Utangulizi

Nafasi ya uzoefu wa kazi katika safari ya kupata shahada hujadiliwa mara nyingi kana kwamba ni suala lililoletwa na miongozo ya karne ya 21. Kwa upande wa Tanzania, mizizi ya suala hili inarudi nyuma hadi Azimio la Musoma la mwaka 1974. Makala haya yanafuatilia historia hiyo kwa kuongozwa na swali moja: chuo kikuu kilipoutambua uzoefu wa kazi, kiliutambua kuwa nini? Hoja inayotetewa ni kwamba kwa takriban nusu karne uzoefu umetambuliwa kuwa sifa ya kuingilia chuoni, lakini haujatambuliwa kuwa maarifa yanayoweza kupimwa na kutunukiwa. Aliyeingia kwa nguvu ya uzoefu wake alitakiwa kuuacha mlangoni.

2.0 Usuli

Elimu ya chuo kikuu ilianza Dar es Salaam mwezi Oktoba 1961, kwa wanafunzi 14 wa sheria, katika chuo kilichokuwa chini ya uangalizi wa Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 chuo hicho kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwezi Julai 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Pamoja na mabadiliko hayo ya hadhi, utaratibu wa msingi wa udahili ulibaki ule uliorithiwa: kijana alipimwa kwa matokeo ya mtihani wa kidato cha sita, akapanda moja kwa moja kutoka shule ya sekondari kwenda chuoni.

Utaratibu huo ulitiliwa shaka mapema. Mwezi Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na mamia yao wakarudishwa makwao. Kwa uongozi wa nchi, tukio hilo lilionesha pengo baina ya msomi na jamii iliyomlipia masomo. Miezi michache baadaye, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, Mwalimu Nyerere aliukosoa mfumo uliowafanya watu waamini kwamba maarifa yote yenye thamani hutoka vitabuni au kwa waliosoma, huku ujuzi wa wazee kuhusu udongo, mvua na mazao ukidharauliwa. Ukosoaji huo ulikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilihusu tabia ya msomi. Ya pili ilihusu maana ya maarifa yenyewe. Historia iliyofuata inaonesha kwamba sehemu ya kwanza ilitekelezwa, na ya pili ikaachwa.

3.0 Azimio la Musoma na Utekelezaji Wake

Mwezi Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Musoma. Azimio lililotokana na kikao hicho hukumbukwa zaidi kwa uamuzi wa kuharakisha elimu ya msingi kwa wote. Hata hivyo, lilibadili pia njia ya kwenda chuo kikuu. Mhitimu wa kidato cha sita alitakiwa kupitia Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi kwa miaka isiyopungua miwili, na aombe nafasi akiwa na mapendekezo ya mwajiri wake na ya tawi la chama.

Masharti hayo yanahitaji kusomwa kwa makini. Mwajiri na tawi la chama walitakiwa kueleza mwenendo wa mwombaji, yaani bidii, nidhamu na moyo wa kujitolea. Hakuna aliyetakiwa kueleza mwombaji amejifunza nini kazini. Karani aliyeshika vitabu vya hesabu vya chama cha ushirika kwa miaka mingi, akaingia chuoni kusomea biashara, alikaa darasa moja na kusoma kozi zilezile sawa na aliyefundisha shule ya msingi. Uzoefu ulihesabiwa kwa miaka na kwa tabia, si kwa maarifa.

Athari za masharti hayo hazikuwa sawa kwa wote. Idadi ya wanawake waliodahiliwa ilishuka, kwa kuwa miaka ya kusubiri iliangukia katika umri wa ndoa na uzazi. Kabla ya muongo huo kuisha, wanawake waliruhusiwa kuingia bila kutimiza sharti la kazi. Fani za sayansi nazo zilikabiliwa na uhaba wa waombaji. Katikati ya miaka ya 1980 udahili wa moja kwa moja ulirejeshwa, na uzoefu ukabaki kuwa njia ya pembeni kupitia mtihani maalumu wa watu wazima.

4.0 Mfano wa Kulinganisha: Ufaransa

Ili kuonesha kwamba njia nyingine iliwezekana, inafaa kuitazama Ufaransa, ambako swali hilohilo lilijibiwa tofauti. Sheria ya mwaka 1934 kuhusu cheo cha mhandisi iliwafungulia mafundi waliofanya kazi za uhandisi njia ya kupata stashahada ya mhandisi inayotolewa na dola. Amri ya mwaka 1985 iliruhusu uzoefu utumike kuingilia elimu ya juu, hatua inayofanana na ile ya Musoma. Ufaransa haikuishia hapo. Sheria ya mwaka 1992 iliruhusu mwombaji asamehewe sehemu ya mitihani, na sheria ya Januari 2002 ikaruhusu shahada nzima itunukiwe kwa msingi wa uzoefu.

Chini ya utaratibu huo, mwombaji huandaa maelezo ya kina ya kazi alizofanya na kuyatetea mbele ya jopo la wanataaluma na watendaji wa fani husika. Jopo linaweza kumtunuku shahada yote, sehemu yake, au kumnyima. Kinachopimwa ni kile ambacho kazi imemfundisha. Kwa hiyo, utambuzi huo si msamaha kwa aliyeshindwa shule. Ni mtihani wa namna nyingine.

5.0 Hali Baada ya Musoma

Nchini Tanzania, kuanzishwa kwa Chuo Kikuu Huria kwa sheria ya mwaka 1992 kuliwawezesha wafanyakazi kusoma bila kuacha kazi. Baadaye Tume ya Vyuo Vikuu iliweka utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Utaratibu huo ulihesabiwa kuwa njia ya udahili. Mantiki ya mlango ikaendelea. Kinyume chake, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi ilianza kuwapima mafundi waliojifunzia gereji na katika maeneo ya ujenzi, na kuwapa cheti chenyewe. Fundi mwashi anaweza kutunukiwa kwa kile anachokijua. Mhasibu au muuguzi anayetafuta shahada anaruhusiwa tu kuanza upya.

Tahadhari ya vyuo vikuu ina sababu. Mwezi Aprili 2017 watumishi wa umma 9,932 walibainika kuwa na vyeti vya kughushi, na wakaondolewa kazini. Tukio hilo liliimarisha imani kwamba kulegeza masharti ya vyeti ni kukaribisha udanganyifu. Lakini linaruhusu pia usomaji mwingine. Kughushi ni kosa, na hakuhalalishwi na miaka ya utumishi. Pamoja na hayo, mfumo usio na njia halali ya kupima kile ambacho mtumishi amejifunza kazini unakipa cheti thamani yote na kuiacha kazi bila thamani yoyote. Katika mazingira hayo, upimaji wa wazi na mgumu wa uzoefu unaweza kuwa kinga dhidi ya udanganyifu.

6.0 Hitimisho

Historia hii inaonesha kwamba Azimio la Musoma lilikuwa jasiri katika kuuliza nani aingie chuo kikuu, lakini halikugusa swali la nini kihesabiwe kuwa maarifa. Kuondolewa kwa masharti yake katika miaka ya 1980 hakukulijibu swali hilo, kuliliahirisha tu. Ukosoaji wa mwaka 1967 kuhusu ujuzi unaodharauliwa kwa sababu haukutoka vitabuni bado unavihusu vyuo vikuu vyenyewe. Mjadala wa kutunuku shahada kwa msingi wa uzoefu, kwa hiyo, usichukuliwe kuwa wazo la kigeni. Ni sehemu ya pili ya hoja iliyotolewa nchini, ambayo haijatekelezwa.