Sikoseli: Tumelaaniwa au Tuliokolewa?

Wadau, katika kuandika habari za afya neno moja limenichosha: laana. Mtoto akigundulika ana sikoseli (au selimundu, kama wanavyoandika wataalamu), ukoo wa baba unaunyooshea kidole ukoo wa mama. Ndoa zinavunjika. Basi leo tuiangalie historia.

Vitabu vingi huanzia Chicago mwaka 1910, pale daktari James Herrick alipoeleza chembe za damu zenye umbo la mundu alizoziona kwa mwanafunzi kutoka Grenada. Lakini Grenada ni kisiwa walikopelekwa watumwa kutoka Afrika. Chanzo kiko huku kwetu.

Kwa miaka mingi wanasayansi wengi waliamini kwamba badiliko hili la kinasaba lilizuka mara kadhaa, sehemu tofauti. Mwaka 2018 Daniel Shriner na Charles Rotimi walichapisha utafiti unaoonyesha lilianza kwa mtu mmoja, Afrika, yapata miaka 7,300 iliyopita. Herufi moja tu ya kinasaba ilibadilika.

Sasa jiulize: kitu kinachoua watoto kimedumuje miaka yote hiyo?

Jibu ni malaria. Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu nchini humo. Pwani na karibu na Ziwa Victoria, zaidi ya asilimia 20 walikuwa na kinasaba hiki. Nyanda za juu, chini ya asilimia 1. Mbu walipo, nacho kipo! Mwaka 1954 akachapisha ushahidi: ukirithi kwa mzazi mmoja tu, unapata kinga dhidi ya malaria kali. Ukirithi kwa wazazi wote wawili, unaugua.

Wabantu walipotoka eneo la mpaka wa Nigeria na Kameruni za leo, wakasambaa hadi huku, walikuja na lugha, kilimo na kinasaba hiki. Huenda mimi na wewe tupo kwa sababu bibi fulani wa kale hakufa na malaria utotoni.

Kwa hiyo mama wa mtoto mgonjwa hana hatia, na baba naye amechangia nusu. Wote wawili wakiwa na kinasaba hicho, kila ujauzito una uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuzaa mtoto mgonjwa. Kipimo cha damu kinaonyesha.

Je, wewe na mchumba wako mko tayari kupima kabla ya kupeleka posa? Tujadili.