Barabara ya Musoma na Kisanduku cha Ndiyo au Hapana

Desemba iliyopita nilikuwa Kisesa, nyumbani kwa dada yangu, pale nilipolelewa kabla ya kuhamia mjini kwa ajili ya masomo. Mpwa wangu, aliyemaliza kidato cha sita, alikuwa anajaza maombi ya kujiunga na chuo kimoja cha Marekani. Alinionyesha kwenye simu swali lililomkosesha usingizi: je, unataka alama zako za mtihani wa SAT zizingatiwe? Palikuwa na visanduku viwili tu, ndiyo na hapana. Alikuwa amepata 1390 kati ya 1600. Chuo kilikuwa kimetangaza kwamba wengi wa waliopokelewa walikuwa na zaidi ya 1450.

“Mjomba, nizifiche?”

Kabla sijajibu, baba yangu, ambaye ni babu yake, akauliza kutoka kitini: “Wasipoziona alama, watamjua kwa maneno ya nani?”

Ndugu msomaji, ili kuelewa kwa nini mzee huyu aliuliza hivyo, inabidi turudi nyuma nusu karne na tuifuate barabara inayopita mbele ya nyumba ile, kutoka Mwanza kuelekea Magu, hadi Musoma. Huko, Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana na kutoa Azimio la Musoma. Wengi wetu tunalikumbuka azimio hilo kwa elimu ya msingi kwa wote, iliyopangwa kufikiwa ifikapo Novemba 1977. Sehemu yake ya pili imesahaulika: kijana hakuruhusiwa tena kutoka kidato cha sita na kuingia chuo kikuu moja kwa moja kwa nguvu ya matokeo yake. Alitakiwa kwanza kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi kwa muda usiopungua miaka miwili, na hatimaye apate mapendekezo ya mwajiri na ya chama.

Jambo hilo halikuzuka ghafla. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya utumishi wa taifa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha mamia yao makwao. Mwaka uliofuata, katika Elimu ya Kujitegemea, alilalamika kwamba mitihani hupima uwezo wa kukariri, haifaulu kila mara kupima uwezo wa kufikiri, na kamwe haipimi tabia wala moyo wa kutumikia. Swali lake lilikuwa la haki kabisa. Nchi ilikuwa na wasomi wachache mno, nao walisomeshwa kwa jasho la mkulima wa pamba wa hapa Usukumani. Je, mkulima huyo hana haki ya kujua anamsomesha mtu wa namna gani? Na milango ilifunguliwa kweli: watu wazima waliokuwa kazini, ambao matokeo yao ya zamani yasingewabeba, waliingia Mlimani. Baadhi ya walionifundisha walipita njia hiyo, nao hawakuwa walimu dhaifu.

Ila mizani ya alama ilipopunguzwa uzito, nafasi yake ilichukuliwa na mizani nyingine, nayo ilishikwa na watu. Baba alimaliza kidato cha sita mwaka 1975 akiwa na matokeo mazuri. Akaenda jeshini, akaajiriwa kuwa karani, akasubiri miaka miwili yake, akaomba. Moja ya barua za mapendekezo haikufika. Hakuelezwa ni ipi, wala iliandikwa nini kama iliandikwa. Aliomba tena mwaka uliofuata, ikawa vilevile. Alistaafu akiwa karani. Cheti chake angali nacho katika sanduku la bati, na sijawahi kumsikia akiusema vibaya mtihani.

Kasoro za mpango wenyewe zilijitokeza mapema. Idadi ya wanawake waliojiunga na chuo kikuu ilishuka, kwa kuwa miaka ile ya kusubiri ilikuwa pia miaka ya kuolewa na kuzaa. Haukupita muda mrefu wakaondolewa sharti hilo. Kufikia miaka ya 1980 utaratibu mzima ukafifia, na matokeo ya mtihani yakarudi kwenye kiti chake.

Marekani nao wamezunguka duara linalofanana na hilo, kwa sababu nyingine. Chuo cha Bowdoin kiliufanya mtihani kuwa wa hiari tangu 1969, na janga la UVIKO-19 lilipofunga vituo vya mitihani mwaka 2020, vyuo vingi vikafuata. Hoja yao ilikuwa kwamba mtihani humpendelea mtoto wa tajiri, mwenye mwalimu wa ziada. Ni kweli. Lakini MIT ilirudisha sharti la alama mwaka 2022, na Dartmouth mwaka 2024, baada ya watafiti wake kugundua jambo ambalo baba yangu angeweza kuwaambia bure: waombaji kutoka familia duni walikuwa wanaficha alama za kiwango cha 1400 wakidhani ni aibu, kumbe alama hizo, zikisomwa pamoja na shule walizotoka, zingewasaidia kupokelewa. Tajiri ana safari za kujitolea ng'ambo na insha iliyopitiwa na mtaalamu wa kulipwa. Mtoto wa shule ya kata ana namba yake.

Sisemi mtihani ni hakimu mwadilifu. Nimesahihisha mitihani ya kutosha kujua unavyoweza kumwonea mtu. Nasema tu kwamba haumjui baba yako, na kwa mtu asiye na mtu hiyo si sifa ndogo.

Nilimwambia mpwa wangu azitume. Alitia alama kwenye “ndiyo”, kisha jioni nzima tukaandika, katika sehemu ya maelezo ya ziada, habari za shule yake: wanafunzi wangapi darasani, maabara ilivyo, alivyosafiri kwa basi hadi Dar es Salaam kuufanya mtihani huo kwa fedha ya kuchangiwa na ndugu. Babu yake alisikiliza yote, kisha akauliza iwapo wakimkataa watamwandikia sababu.

Nilimwambia hapana, hawaandiki.