Ngoma ya Kwenda kwa Miguu

Siku hizi ukitajiwa "tamasha rafiki kwa mazingira", akili inakimbilia ufukweni: mahema, taa za sola, mabango ya kukataza plastiki, na wageni waliokuja kwa ndege kutoka mbali. Nayapenda, sikatai. Ila kila nikisoma habari zake najiuliza: hivi Kariakoo yetu haikuyajua mambo haya kabla hayajapewa jina? Nimerudi kwenye vitabu, nimezunguka mitaa, na jibu langu ni kwamba iliyajua. Tena iliijua siri yenyewe, yaani udogo.

Tuanze na jina la mtaa. Waingereza waliuteka mji Septemba 1916, na kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps, kikapiga kambi upande huu. Watu wakalitamka jina kwa ulimi wao, likawa Kariakoo. Vita vile vilibebesha watu mizigo, lakini vilisafirisha na muziki. Terence Ranger, katika kitabu chake Dance and Society in Eastern Africa cha mwaka 1975, anaeleza jinsi ngoma ya beni, iliyoanzia mwambao wa Kenya miaka ya 1890, ilivyosambaa bara pamoja na askari na wapagazi. Dar es Salaam ilikuwa na vyama viwili vikubwa, Marini na Arinoti, vilivyoshindana kwa mavazi, kwa nyimbo na kwa majigambo. Lakini beni haikuwa burudani tu. Mwanachama akifiwa, wenzake wapo. Mgeni akiingia mjini, ana pa kufikia. Kwenye ngoma ya aina hiyo hakuna "hadhira" kama tunavyoielewa leo. Anayetazama sasa hivi ndiye atakayecheza baadaye.

Miaka ya 1930 vikaja vilabu. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932, na kwa upande wa taarab kukawa na Egyptian na Al Watan. Hapa kuna jambo dogo ambalo mimi nalipenda sana: katika vilabu vile vya dansi, ala zilikuwa mali ya klabu. Gitaa halikuwa la mpigaji. Mmoja akiondoka, gitaa linabaki, kijana mwingine anajifunzia. Leo tungesema "matumizi ya pamoja" na kuliandikia ripoti. Wao waliona ni kawaida tu.

Na udogo ule ulikuwa na nguvu, jamani. Susan Geiger, katika TANU Women (1997), anaonyesha jinsi Bibi Titi Mohamed, mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba, alivyowafikia wanawake wa Dar es Salaam mwaka 1955 kupitia viongozi wa vikundi vya ngoma. Chama kilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu. Wanawake wale walikuwa tayari wanajuana, wanaaminiana, wanakaa umbali wa kwenda kwa miguu. Siasa ilipita njia ambayo ngoma ilikwishaichonga.

Lakini tusipakane mafuta kwa mgongo wa chupa. Udogo ule haukuwa wa hiari yote. Wakoloni waliugawa mji kwa rangi: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika Kariakoo na Ilala. Mnazi Mmoja, uwanja tunaousifia kwa miti yake, uliachwa wazi ili kuwatenga Waafrika na wengine. Watu walikwenda ngomani kwa miguu kwa sababu hawakuwa na usafiri mwingine. Plastiki haikutupwa kwa sababu haikuwepo. Kwa hiyo sisemi turudi kule. Nasema tuchague kwa hiari kile ambacho wazee walikipata kwa dhiki.

Kumbukumbu ya udogo haikupotea hata bendi zilipokuwa kubwa. DDC Mlimani Park ilipoanzishwa mwaka 1978, mtindo wake uliitwa Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo. Msondo nao ni jina lililotoka ngomani. Baadaye vijana wa uswahilini wakaja na mchiriku: kinanda kidogo cha Casio kilichochakaa, vipaza sauti vya kuungaunga, ngoma, na sauti ya kupasua anga. Jagwa Music, waliochipuka Mwananyamala, walifika na vifaa vya namna hiyo mpaka majukwaa ya Ulaya. Wengine wangevitupa jalalani.

Mwaka jana nilialikwa kwenye shughuli ya muziki uani kwa watu, upande wa Gerezani. Tulikuwa kama sitini. Ngoma tatu, zumari moja, hakuna jenereta. Maji yalikuwa kwenye mtungi, kahawa kwenye vikombe vya kaure vilivyooshwa na kurudi tena, pilau kwenye masinia, watu wanne wanne. Ilipofika saa nne usiku bibi mwenye nyumba akasema, "Haya wanangu, majirani nao wanataka kulala." Tukafagia, tukaondoka. Taka zote zilienea kwenye ndoo moja. Sikumbuki kama kuna aliyetaja neno mazingira usiku ule. Ila nakumbuka nilicheza na mtu aliyenikanyaga mara mbili, tukacheka, na sasa tukikutana Msimbazi tunasalimiana.

Kinachonitia wasiwasi ni uani wenyewe. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita ina baraza mbele kwa wapita njia na uani nyuma kwa wenyewe. Kila inapovunjwa ikaota ghorofa la maduka, tunapoteza ukumbi usiotozwa kiingilio. Tumepiga marufuku mifuko ya plastiki tangu Juni 1, 2019, na ni jambo jema. Lakini hakuna katazo litakaloturudishia pa kukaa watu sitini.

Si kwamba ujenzi mkubwa lazima uwe adui. Soko la Kariakoo, alilolichora Beda Amuli na likafunguliwa mwaka 1975, lina paa la miamvuli iliyogeuzwa, linalokinga mvua na kupeleka maji chini yahifadhiwe. Aliyelichora alifikiria upepo, kivuli na maji kwa pamoja. Mchoraji wa ghorofa la leo naye anaweza kuacha ua mmoja katikati, wenye mti na bomba la maji. Hauhitaji jukwaa. Watu watakuja na ngoma zao, na watakuja kwa miguu.